Shangazi, nimrudishe mtoto wa mbwa au niache kujitolea kwenye mashindano ya farasi?

Shangazi mpendwa,

Nakuandikia kutoka Wiltshire, kusini mwa Uingereza, ambako mimi na familia yangu tumeishi kwa miaka tisa sasa. Nilizaliwa Nairobi, na marehemu baba yangu alikuwa saisi katika mazizi ya farasi wa mashindano karibu na uwanja wa Ngong, kwa hiyo nilikua nikinusa majani makavu na matandiko yaliyopakwa mafuta. Sikuwahi kupanda farasi hata mara moja, kwa kuwa kazi yetu watoto ilikuwa kuchota maji na kuzoa samadi, lakini nilijua kusoma masikio ya farasi kabla sijajua kusoma kitabu.

Miaka mitatu iliyopita, nikiwa nafanya kazi ya kutunza wazee na sina mtu wa kumtembelea siku za mapumziko, niliona tangazo katika duka la kijijini likiomba watu wa kujitolea kwenye mashindano ya farasi ya siku moja. Nilikwenda. Walinivika kizibao cha rangi kali, wakanipa kipenga, redio ya upepo, karatasi ya alama na kiunzi kimoja cha kusimamia. Tangu siku hiyo sijakosa msimu. Ninakaa kando ya kiunzi hicho cha mbio za nyika tangu asubuhi hadi jioni, naandika farasi aliyeruka, aliyekataa na aliyemwangusha mpandaji wake, na ninapuliza kipenga ili watazamaji wapishe njia. Hatulipwi; tunapewa chakula cha mchana na shukrani. Lakini, Shangazi, nikitoka kazini kwangu, hapo ndipo mahali pekee katika nchi hii ambapo watu huniita kwa jina langu na kunihoji habari za mama yangu.

Mwishoni mwa Aprili mume wangu alimletea binti yetu wa miaka 14 mtoto wa mbwa aina ya Labrador, mwenye umri wa wiki nane. Tulimwita Tui kwa sababu ya rangi yake. Kwetu mbwa alikuwa mlinzi: alifungwa mchana, akafunguliwa usiku, akala ugali uliobaki, na hakuna aliyekaa chini kumfundisha neno lolote. Huyu analala jikoni. Ametafuna viatu vyangu vya kazi, mguu wa meza na nusu ya kijitabu cha mwongozo wa waamuzi, na nikifunga mlango wa bafu tu anaanza kulia kama mtoto mchanga. Binti yangu humpenda sana kwa nusu saa baada ya shule, kisha hurudi kwenye simu yake. Mume wangu ni dereva wa lori za masafa marefu, na wikendi nyingi hayupo. Mbwa amekuwa wangu.

Wiki mbili zilizopita, kwa kukosa wa kumwachia, nilikwenda naye kwenye mashindano. Asubuhi alilala chini ya kiti changu cha kukunja, nami niliifunga kamba yake kwenye mguu wa kiti hicho. Mnamo saa tano nilisimama ili nimwone vizuri farasi aliyekuwa akija, na kiti kikabaki chepesi. Tui alichomoka kumfuata farasi yule, kiti kikidunda nyuma yake kwenye majani, na kadiri kilivyozidi kupiga kelele ndivyo alivyozidi kukimbia kwa hofu. Farasi alipigwa na mshtuko, akakwepa kiunzi, na mpandaji, msichana mdogo, alibaki ameng'ang'ania shingo yake. Mwenzangu wa kiunzi cha jirani alipiga redio na mpandaji aliyefuata akasimamishwa. Hakuna aliyeumia. Mimi kwa kuchanganyikiwa niliandika kwamba farasi amekataa, yaani adhabu ya alama 20, na msimamizi akaifuta baada ya kusikia maelezo yangu.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Tangu siku hiyo sijapokea simu ya mtu yeyote wa pale. Katibu ameniandikia kuuliza kama nitapatikana kwa mashindano mawili yajayo, na sijamjibu. Jirani ananishauri nimrudishe Tui alikotoka. Mume wangu anasema niache hiyo kazi ambayo hainipi hata senti. Binti yangu analia nikitaja kumrudisha mbwa. Naomba uniambie niache lipi.

Mwenye kipenga, Wiltshire

* * *

Mwanangu mwenye kipenga,

Usimrudishe Tui na usiache kujitolea. Kitu cha kuacha ni kwenda navyo vyote viwili mahali pamoja, na kwa msimu huu uliobaki ninakuomba uliache kabisa, bila kujipa ruhusa ya siku moja.

Nianze na siku ile, kwa sababu najua ndiyo inayokunyima usingizi. Nitakuambia kosa lilikuwa wapi, kwa kuwa kukuambia kwamba hukukosea kungekuwa kukudharau. Kumpeleka mbwa kwenye mashindano ya farasi huko Uingereza si ajabu. Utawaona kila upande, wamefungwa kamba, na baadhi ya waamuzi wenzako hukaa na mbwa wao wazee ndani ya gari siku nzima. Lakini mwamuzi wa kiunzi amekwisha kukabidhi macho yake, masikio yake na mikono yake yote miwili. Mtoto wa mbwa wa miezi minne naye anadai macho hayo hayo na mikono hiyo hiyo. Ulijaribu kuugawa mkono mmoja kwa kuifunga kamba kwenye kiti, na kiti cha kukunja hakina uzito wa kumzuia hata paka.

Fikiria pia upande wa farasi, wewe uliyefundishwa na saisi. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote kwa wakati mmoja, na kitu chochote kinachotokea chini na nyuma yake kwa kishindo anakihesabu kuwa ni mnyama mkali mpaka ahakikishiwe vinginevyo. Katika ngazi za chini za mashindano hayo mwendo unaotakiwa ni kama mita 450 kwa dakika. Hiyo ni mita saba na nusu kwa kila sekunde. Katika zile sekunde nne ambazo ulikuwa ukiitafuta kamba kwenye majani, farasi alikwisha kumaliza mita 30, akiwa na mtoto wa watu mgongoni. Ndiyo maana nakuambia kwa uzito huu. Na ndiyo maana pia nakusifu kwa kueleza ukweli mbele ya msimamizi pale ambapo ungeweza kunyamaza na kumwachia msichana yule adhabu isiyo yake.

Kimya cha wenzako usikisome vibaya. Watu wa farasi wameona mengi: miavuli iliyofunguka ghafla, mifuko ya plastiki iliyopeperuka, watoto waliovuka njia na mbwa wengi kuliko huyo wako. Pengine wanadhani unahitaji kuachwa upumue. Hata hivyo deni la kuomba radhi lipo, na halilipwi kwa kujificha. Mwandikie katibu maneno machache, umwombe amfikishie mpandaji na wazazi wake radhi zako, na katika barua hiyo hiyo umwambie kwamba hutamleta mbwa tena msimu huu. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo atakayoihitaji ili akupangie kazi bila wasiwasi.

Sasa nizungumze juu ya Tui, kwa maana naona katika barua yako kwamba umemwelezea kama msiba, ilhali mambo yote uliyoyataja ni ya kawaida kwa umri wake.

Mbwa wa nyumbani kwetu alijifunza kazi yake kwa kuwatazama mbwa wakubwa wa mtaa, na hakuna aliyemtaka akae na watu ndani. Huyu anatakiwa aishi jikoni, akojoe nje, asile viatu, akae peke yake bila kulia, na aone farasi bila kuwakimbilia, na yote hayo hakuzaliwa nayo. Kutafuna kwake kunatokana na meno: kuanzia karibu miezi minne meno ya utoto hung'oka na ya ukubwani kuota, na shughuli hiyo huendelea mpaka miezi sita au saba. Lowesha kitambaa kizito, kikunje kama kamba, kigandishe kwenye friji, kisha mpe akitafune wakati wewe unapika, ukimtazama asije akameza nyuzi. Viatu vyako viweke juu. Kumkemea baada ya kukuta uharibifu hakumfundishi chochote, kwa sababu haunganishi hasira yako ya sasa na kiatu cha saa nzima iliyopita.

Usingizi nao ni jambo ambalo wengi hawalijui. Mtoto wa mbwa wa umri huo anahitaji kulala saa 18 hadi 20 katika kila siku, na asiyelala hugeuka kuwa yule anayeuma vifundo vya miguu jioni na kukimbia huku na huku kama aliyepagawa. Siku ile ulimwamsha alfajiri, ukamsafirisha, ukamweka mahali penye vipaza sauti, magari na vishindo vya kwato. Kufikia saa tano alikuwa amechoka kupita kiasi, na mbwa aliyechoka hivyo hana breki.

Hicho kilio cha bafuni ndicho ningekishughulikia kwanza, kwa kuwa bila kukitatua hutaweza kwenda popote, iwe kwenye mashindano au sokoni. Kila siku, Tui akiwa ameshiba, amekojoa na ameanza kusinzia, toka jikoni, funga mlango, hesabu mpaka kumi, kisha rudi kimya kimya kabla hajaanza kulia. Kesho iwe nusu dakika. Kesho kutwa dakika mbili. Akilia, ujue umeruka ngazi, na urudi nyuma bila kinyongo. Watu huona kazi hii ni ya kipuuzi kwa sababu haionekani, lakini katika wiki tano au sita mbwa aliyefundishwa kwa sekunde huweza kukaa saa nzima akiwa amelala. Katika umri wa Tui usimwache peke yake kupita saa tatu hivi, na hata akikua usizidishe saa nne kwa mfululizo.

Kwa hiyo siku nzima ya kiunzi haiwezekani kwa sasa, isipokuwa kuna mtu nyumbani. Na mtu yupo. Binti yako ana miaka 14, na mbwa aliletwa kwa ajili yake. Kaa naye chini mkubaliane kwamba Jumapili moja kati ya mbili, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, Tui yuko mikononi mwake: kumtoa nje kila baada ya saa mbili na kila anapoamka, kumlisha cha mchana, kumwacha alale. Mwandikie saa hizo kwenye karatasi na uibandike kwenye mlango wa friji. Usimwambie kwamba anakusaidia wewe, kwa maana atachoka baada ya wiki mbili. Mwambie hiyo ndiyo sehemu yake ya kuwa na mbwa.

Halafu mwombe katibu kazi ya nusu siku. Umeizoea kazi ya kiunzi, na huenda huijui ile ambayo nadhani ingekufaa sana: kuwa mwandishi wa mwamuzi wa dresaji, ile sehemu ambayo farasi huonyesha mwendo wake katika uwanja mdogo uliopangwa herufi. Mwamuzi hukaa ndani ya gari na kutaja alama kutoka 0 hadi 10 kwa kila mwendo, pamoja na maneno mawili matatu ya sababu, nawe unaandika bila kuuliza na bila kutoa maoni. Kazi hiyo mara nyingi hupangwa kwa zamu, na mtu akikaa asubuhi moja kando ya mwamuzi mzuri hujifunza juu ya mwendo wa farasi kuliko mwaka mzima wa kutazama kwa mbali. Baba yako angeipenda. Zipo pia kazi za kukusanya karatasi za alama kutoka kiunzi hadi kiunzi, kugawa namba za washindani, au kuja siku ya pili kuokota bendera na kamba uwanjani. Hizo za mwisho hazina watu wa kutosha popote pale, na katibu atakukumbatia ukizitaja.

Utaniuliza ni lini Tui atakwenda. Msimu huko huanza Machi na kumalizika Oktoba, kwa hiyo una majira yote ya baridi ya kumwandaa, lakini sitaki nikudanganye: Labrador wa mwaka mmoja ana karibu kilo 30 na akili bado za kitoto. Anza na farasi waliotulia. Tafuta malisho yenye ua imara, simama mbali kiasi ambacho Tui anamwona farasi na bado anaweza kula kipande cha nyama kutoka mkononi mwako. Akimtazama farasi kisha akageuka kukutazama wewe, mpe. Akikaza mwili, akifunga mdomo na kukataa nyama, umesogea karibu mno. Rudi nyuma hatua ishirini. Dakika kumi zinatosha, kisha mwende nyumbani. Ukifanya hivyo mara mbili kwa wiki, ifikapo Machi farasi atakuwa kwake kama mti. Kumbuka pia kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1953 inayolinda mifugo dhidi ya mbwa inawahesabu farasi kuwa mifugo, kwa hiyo kumwacha Tui awakimbize farasi malishoni kunaweza kukufikisha mahakamani.

Kuhusu vifaa, mvalishe kola na mkanda wa kifuani kwa pamoja, na utumie kamba yenye vishikizo viwili, kimoja kwenye kola na kingine kwenye mkanda, kwa sababu mtoto wa mbwa anayekua hujifunza haraka kurudi kinyumenyume na kuuvua mkanda uliolegea. Upime kila wiki. Vidole viwili vipite chini yake, visizidi. Kamba ishikwe mkononi. Usiifunge tena kwenye kiti, meza wala mlango wa gari.

Neno juu ya gari, maana najua utashawishika kumwacha humo nusu saa. Hata siku ambayo nje kuna nyuzi 22 tu, ambayo kwetu tungeiita siku ya sweta, ndani ya gari lililofungwa joto linaweza kufika nyuzi 47 katika muda wa saa moja. Kufungua dirisha kidogo hakusaidii. Mbwa hufa humo, na kila kiangazi wapo wanaokufa.

Na kwenye mazizi, utakapofika naye, angalia anachookota. Mbwa hupenda kupita kiasi vipande vya kwato anavyoviacha fundi anayezikata kwato za farasi, na wengine hula samadi. Kipande kikavu cha kwato kinaweza kuziba utumbo wa mbwa mdogo, na farasi aliyepewa karibuni dawa ya minyoo kama ivamektini huitoa dawa hiyo kwenye samadi kwa kiasi kinachoweza kumdhuru mbwa. Mfundishe tangu sasa neno moja la kuachia kitu mdomoni, ukibadilishana naye kwa nyama, wala usimkimbize.

Mumeo anasema kazi hiyo haikupi senti. Anasema kweli, na pengine hajawahi kuiona. Mwombe Jumapili moja asipokuwa safarini aje uwanjani, akae nawe nyuma ya kamba mkinywa chai, aone unavyosalimiwa. Naye ndiye aliyemleta Tui nyumbani bila kuuliza nani atamlea, kwa hiyo wikendi anazokuwepo matembezi ya asubuhi ni yake, nawe ulale mpaka saa tatu.

Mjibu katibu leo jioni, Tui akiwa amelala. Mwambie utapatikana kwa mashindano yote mawili, asubuhi tu, na kwamba ungependa kujaribu uandishi wa dresaji. Kisha nunua kalamu mbili zinazoandika vizuri kwenye karatasi yenye unyevunyevu, kwa kuwa mwamuzi hatakusubiri.

Shangazi yako